Kitabu cha picha cha mvuvi na samaki mwenye sharubu: nani anajua jina lake? (Mliokulia Kanda ya Ziwa pitieni hapa)

#1 Binti Nansio
Wakuu habari za jioni.

Kuna kitabu kinanisumbua akili. Nilikuwa nakiona kwa bibi yangu Ukerewe, nje kidogo ya Nansio, miaka ya mwisho ya themanini, kabla sijaanza shule. Jalada halikuwepo, kurasa za mwanzo hazikuwepo, za mwisho nazo hivyo hivyo. Kilikuwa kinakaa dirishani pamoja na sabuni na kitana. Kusoma nilikuwa sijui, kwa hiyo nilisoma picha tu na hadithi natunga mwenyewe, kila siku ya kwake.

Ninachokumbuka: mvuvi amevaa kaptula na shati la mikono mifupi, amemning'iniza samaki kwa kumtia vidole kwenye mashavu. Samaki ni mrefu, mkia karibu unagusa mchanga, na ana sharubu. Nyuma kuna mtumbwi wenye tanga, na mwanamke ameshika ungo. Picha zote ni mistari myeusi, na rangi iliyoongezwa ni moja tu, ya chungwa. Sasa kwenye ule ukurasa wa mvuvi rangi ilikuwa imehama. Shati limebaki jeupe, chungwa lake liko pembeni hewani. Mimi nikaamini kabisa kwamba yule mvuvi ana mwenzake asiyeonekana, kinachoonekana ni shati lake tu. Usiku nilikuwa naogopa kupita karibu na lile dirisha.

Chini ya picha kulikuwa na maneno makubwa yaliyokatwakatwa kwa vistari.

Mwenye kukijua anisaidie jina. Na kama hukijui, taja kitabu chako cha picha cha utotoni ambacho mpaka leo ukifumba macho unakiona.

#2 Furu Mkavu
Nimekaa siti ya mbele. Ngoja waje wajuvi.

#3 Kijana wa Mabatini
Bulicheka, Lizabeta na Wagagagigikoko. Nimemaliza, uzi ufungwe.

#4 Furu Mkavu
Bulicheka ana nyuzi zake humu mpaka zinamwagika. Dada kauliza mvuvi, wewe unaleta Wagagagigikoko. Kapange foleni upya.

#5 Mama Kulwa
Nahisi ni vile vitabu vyembamba vya Mradi wa Vitabu vya Watoto. Shuleni kwetu vililetwa vingi, vipya, vinanukia. Mwalimu mkuu akavifungia kabatini ofisini ili visichafuke. Tulikuwa tunaviona siku anapokuja mgeni wa kukagua: tunagawiwa, tunavishika, tunafungua ukurasa tulioambiwa, mgeni akiondoka tunarudisha kwa kuhesabiwa. Siku ofisi inapakwa chokaa, kabati likafunguliwa, kumbe mchwa walishavisoma vyote.

Kimoja tu niliwahi kukimaliza, kwa sababu nilitumwa kufagia ofisi. Kilikuwa cha kuku aliyekataa kulala bandani. Jina sina.

#6 Fundi Chapa
Mama Kulwa, pole kwa mchwa. Ila mradi huo ulianza 1991, kwa msaada wa shirika la CODE la Kanada. Mchapishaji alikuwa akitoa kitabu kilichokubaliwa, mradi unanunua sehemu kubwa ya nakala na kuzipeleka shuleni. Dada anazungumzia miaka ya mwisho ya themanini, tena kitabu tayari hakina jalada. Kitabu kinachokaa dirishani na sabuni kinahitaji miaka kadhaa kufikia hali hiyo. Sio cha mradi.

#7 Mwalimu Pasiansi
Wanangu hamjambo.

Mimi nilifundisha elimu ya watu wazima kabla ya kuhamia shule ya msingi. Sasa nimestaafu, niko na kuku wangu. Binti Nansio, hicho ulichokuwa unakiona huenda hakikuwa cha mtoto hata kidogo. Kilikuwa cha bibi mwenyewe.

Mwaka 1968 ulianza huku kwetu mradi wa UNESCO wa kisomo chenye manufaa, makao yake hapa hapa Mwanza. Wazo lake ni kwamba mkulima asiimbishwe a-e-i-o-u mitupu. Asome kupitia kazi yake. Vikaandikwa vitabu vya pamba, vya migomba, vya ng'ombe, vya maarifa ya nyumbani, na vya uvuvi kwa watu wa mwambao. Somo lilianza na picha. Darasa linaijadili picha kwanza, wakati mwingine mpaka jua linazama, ndipo linakuja neno, na neno linakatwa silabi. Vile vistari vyako nadhani vinatoka huko.

Halafu 1970 ikatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na Mwalimu Nyerere akataja wilaya chache ambazo zilitakiwa kufuta ujinga kabisa kabla ya mwisho wa 1971. Ukerewe ilikuwamo, Mafia ilikuwamo. Bibi yako angekwepea wapi na kisiwa chote kinakwenda darasani?

Picha zile zilikuwa na vituko vyake. Kulikuwa na moja ya bwana shamba aliyechorwa kuanzia kiunoni kwenda juu. Mzee mmoja wa darasani kwangu aliitazama sana, akaniuliza huyu bwana alikatwa miguu na nani, na kama amekatwa miguu anafikaje shambani kutufundisha. Darasa zima likataka jibu. Somo la pamba siku ile halikufika popote, tulijadili miguu.

#8 Binti Nansio
Shikamoo mwalimu. Bibi alikuwa anasoma Biblia vizuri, ila alikojifunzia hakuwahi kusema na sisi hatukuwahi kuuliza. Umenifikirisha kweli.

#9 Furu Mkavu
Kwa hiyo dada alikuwa anachezea daftari la shule la bibi yake. Bibi akienda darasani bila kitabu anasema mjukuu kakila.

#10 Mzee wa Mwaloni
Mnaacha ushahidi wa wazi mnakimbilia UNESCO. Mtazameni samaki!

Dada kasema sharubu. Sangara hana sharubu, sato hana, ngege hana. Amebaki kambare, gogogo na kamongo. Gogogo hafiki urefu wa kugusa mchanga, mtoe. Sasa fikirini: mchoraji akiambiwa achore mvuvi wa Ziwa Victoria na samaki mkubwa, baada ya 1985, atachora nini kama sio sangara? Sangara alipandikizwa kule Uganda miaka ya 50 na ya 60 mwanzoni, akakaa kimya kimya, huku kwetu akaja kujaa kwenye miaka ya 80. Nilikuwa kijana, nakumbuka nyavu zilivyoanza kuja na minyama ya ajabu na furu wakawa wanapotea. Watu walikuwa hawataki hata kumla, mafuta mengi. Baadaye vikaja viwanda vya minofu na ndipo akawa mfalme.

Kwa hiyo kitabu kimechorwa kabla sangara hajawa samaki wa watu. Mimi niko na mwalimu.

#11 Dagaa Kauzu
Mzee wangu shikamoo. Kamongo hana sharubu. Ana mapezi membamba marefu yanayoning'inia. Mchoraji asiyemjua ndiye atayafanya sharubu. Kambare ndiye mwenye sharubu, tena nane.

Na hoja yako ya sangara ina tundu. Aliyechora anaweza kuwa mtu wa Dar, ziwa hajawahi kuliona, kapewa karatasi imeandikwa "mvuvi na samaki" akachora kambare wa Ruvu.

#12 Mzee wa Mwaloni
Marahaba. Mtu wa Dar angechora changu na kumtundikia mvuvi msuli na kofia. Dada kasema kaptula. Kaptula ile ni ya huku.

#13 Mama Kulwa
Ushahidi wa kaptula sasa 😂

#14 Jirani wa Kisumu
Hamjambo majirani. Msisahau kwamba vitabu vilikuwa vinavuka mpaka bila pasipoti. Kabla ya Jumuiya ya zamani kuvunjika 1977 palikuwa na East African Literature Bureau, ilikuwa ikitoa vitabu vidogo vya Kiswahili na lugha nyingine kwa Kenya, Uganda na Tanganyika, tangu mwishoni mwa miaka ya 40. Nyumbani kwetu palikuwa na vyake kadhaa, vyembamba, michoro ya wino mweusi, mambo ya usafi, kilimo na hadithi za wanyama. Kimoja kilikuwa na mvuvi pia.

Dada, unakumbuka jina la mvuvi? Akiwa Otieno au Onyango basi kitabu ni chetu, mturudishie.

#15 Kijana wa Mabatini
Akina Otieno wamejaa Shirati na Rorya nzima, jirani. Hiyo hesabu haijakupa ushindi.

#16 Binti Nansio
Bibi alikuwa akinionyesha na kusema "huyu ni Magesa". Lakini Magesa alikuwa pia jirani yake, mvuvi kweli, na alikuwa na deni la bibi. Inawezekana jina alibandika yeye ili amseme.

#17 Furu Mkavu
Bibi yako nampenda bure.

#18 Dagaa Kauzu
Magesa ni jina la kwetu huku, la Wakerewe na Wajita. Kama limeandikwa kitabuni basi mwandishi ni wa kanda hii. Kama ni bibi kalibandika basi tumerudi pale pale.

#19 Mganga wa Zahanati
Mimi naona tofauti kidogo. Kulikuwa na vitabu vya afya vya kichocho, vilikuwa vinagawiwa zahanati na shule za mwambao. Mpango wake ni ule ule: picha, sentensi fupi, rangi moja. Ukurasa wa kwanza watu wako ziwani wanafanya kazi zao kwa raha, mvuvi, mama anaosha vyombo, watoto wanaogelea. Ukurasa wa pili kijana anakojoa majini. Wa tatu konokono. Wa nne kijana anakojoa damu. Sisi hatukuwa tunajifunza chochote, darasa lilikuwa linasubiri ukurasa wa pili tu lianze kucheka.

Dada, hukuwahi kuona konokono kwenye kitabu hicho?

#20 Binti Nansio
Konokono alikuwepo! Au nilikuwa nadhani ni konokono. Kulikuwa na kitu cha mviringo chini pembeni ya mtumbwi.

#21 Mzee wa Mwaloni
Kitu cha mviringo pembeni ya mtumbwi ni jiwe la nanga.

#22 Furu Mkavu
Au Magesa anakimbia deni, kajificha kakunja magoti.

#23 Mwalimu Pasiansi
Mganga, vitabu vya kichocho navikumbuka, lakini havikuwa na maneno yaliyokatwa silabi. Mtu anayefundishwa kuhusu kichocho alichukuliwa kuwa anajua kusoma tayari. Silabi ni alama ya kisomo, au ya darasa la kwanza.

#24 Mganga wa Zahanati
Mwalimu, vya kwetu Magu vilikuwa nazo. Labda vilitoka sehemu tofauti. Siwezi kubisha sana, lakini nilivishika.

#25 Ng'wana Kisesa
Wabeja sana mleta uzi.

Mimi wa kwangu ni Shing'weng'we, lile zimwi la kumeza watu. Kilikuwa kitabu kidogo cha hadithi za Kisukuma kwa Kiswahili, kaka yangu alikuja nacho akitoka bwenini. Kwenye ukurasa wa katikati amechorwa Shing'weng'we ameshawameza watu wote wa nchi na ng'ombe wao. Mchoraji, Mungu amsamehe, aliamua tumbo liwe wazi tuone ndani. Humo ndani kuna watu wamekaa. Sio wamelundikana wanalia: wamekaa, kuna anayepika, kuna anayechunga, kuna kitoto kinakimbiza kuku. Nikawa naona kabisa kumezwa sio kubaya kiasi hicho. Walionitisha walikuwa wawili waliobaki nje, yule mama mjamzito aliyejificha, na baadaye Masala Kulangwa mwenyewe, kijana peke yake duniani na mama yake, kila akiua mnyama anarudi kumuuliza kama huyo ndiye Shing'weng'we, anaambiwa sio.

Kuna mtu mwingine aliyeiona picha hiyo? Nikiwasimulia ndugu zangu wanasema nimeota.

#26 Mama Kulwa
Hadithi naijua ya mdomo, picha sikuiona. Kwetu Misungwi bibi alisisitiza kipande cha bibi kizee: Masala alipokuwa akimpasua yule zimwi ili watu watoke, kisu kikamkata bibi kizee sikio. Watu wote wanashangilia wameokolewa, bibi kizee anadai sikio lake. Mpaka leo kwenye familia yetu mtu asiye na shukrani anaitwa "sikio".

#27 Kijana wa Mabatini
Nilivyosimuliwa mimi, mama alijificha kwenye makapi ya nafaka. Wengine wanasema pangoni. Nani yuko sahihi?

#28 Ng'wana Kisesa
Makapi. Wa pangoni ni wa mjini.

#29 Mama Kulwa
Mimi wa Misungwi kijijini na nimesikia pango. Tuelewane vizuri bwana Kisesa.

#30 Fundi Chapa
Naona watu wanauliza pembeni kwa nini vitabu vyetu vya zamani vilikuwa na rangi moja, na swali la shati la mvuvi limepita bila kujibiwa wakati ndilo ninaloliweza. Nilikaa miaka mingi kwenye mashine za kuchapa, Dar kwanza, kisha Mwanza.

Kila rangi ina pleti yake, yaani bamba la kuchapia. Ukitaka picha yenye rangi zote unahitaji nne: bluu, waridi, njano na nyeusi, na kwa mashine zetu za wakati ule zenye kichwa kimoja karatasi ile ile inapita mara nne, kila mara unaosha mashine na kubadilisha wino. Ukichapa nyeusi na nyingine moja, inapita mara mbili. Gharama inashuka sana, na mchoraji mjanja akitumia vidoti na mistari anapata chungwa zito na chungwa jepesi, unadhani rangi ni tatu. Ndio maana mliona vitabu vya nyeusi na chungwa, nyeusi na kijani, nyeusi na bluu.

Sasa karatasi inapoingia mara ya pili lazima ikae pale pale ilipokaa mara ya kwanza. Ikisogea upana wa nusu ukucha, rangi inatoka nje ya mistari. Karatasi ikivuta unyevu inatanuka, na ukichapa nyeusi asubuhi ya jua, chungwa ukaja kuchapa siku ya mvua, utahangaika mpaka ukome. Nakala za mwanzo ambazo bado fundi anarekebisha zinatakiwa kutupwa. Lakini miaka ile hakuna aliyekuwa anatupa karatasi. Baada ya vita vya Kagera fedha za kigeni zilikuwa shida, karatasi ya kuagiza nje ilikuwa shida, na kiwanda cha karatasi cha Mgololo kilikuja kuanza katikati ya miaka ya 80. Nakala iliyohama rangi inafungwa pamoja na nyingine, inapelekwa. Nyingi zilielekea mikoani, siwaambii uongo.

Na jambo jingine. Karatasi moja kubwa ikikunjwa inatoa kurasa nane au kumi na sita. Ili kubana gharama, rangi iliwekwa upande mmoja tu wa karatasi kubwa. Kwa hiyo ukifungua kitabu unakuta kurasa mbili zina rangi, mbili zinazofuata hazina, tena zina. Dada, kitabu chako kilikuwa hivyo?

#31 Binti Nansio
Ndiyo!! Kurasa nyingine zilikuwa nyeusi tupu. Nilikuwa nadhani hizo ni za usiku. Mvuvi akiwa na rangi ni mchana, akiwa hana ni usiku, na hadithi yangu nilikuwa naipanga hivyo.

#32 Dagaa Kauzu
Huyu dada alipaswa kuwa mwandishi.

#33 Mwalimu Pasiansi
Fundi umeeleza vizuri. Mimi nilikuwa naambiwa rangi ni chache kwa makusudi, eti mwanafunzi mtu mzima rangi nyingi zingemchanganya. Sijui walioniambia hivyo waliamini au walikuwa wanaficha ukata.

#34 Kijana wa Mabatini
Au kulikuwa na pipa moja tu la wino wa chungwa Tanzania nzima na lilikuwa halijaisha.

#35 Fundi Chapa
Unacheka, lakini hilo limewahi kutokea. Tulichapa kijani kazi tatu mfululizo kwa sababu kijani ndicho kilichokuwepo stoo. Mteja anaambiwa kijani kinapendeza.

#36 Chinga Makoroboi
Wakuu, mimi nauza vitabu vya mitumba na kingine chochote. Naomba niongee kama mtu aliyeshika karatasi nyingi. Vitabu vya elimu ya watu wazima vya miaka ile vinapatikana kwa wauza karanga na vitumbua kuliko maktaba. Nilinunua karanga Kirumba, zimefungwa kwenye ukurasa wenye picha ya mwanamke na ungo, anaanika dagaa, wino mweusi na rangi ya chungwa. Chini kumeandikwa da-ga-a. Nilikula karanga, karatasi nikatupa. Uzi huu ungekuwepo siku ile ningeihifadhi.

#37 Furu Mkavu
Hii ni chai. Karatasi ya 1970 ifungie karanga leo?

#38 Chinga Makoroboi
Sijasema leo. Na maboksi ya ofisi zikihamishwa yanauzwa kwa kilo, mkuu. Njoo dukani nikuonyeshe gazeti la Elimu Haina Mwisho, lile la vijijini lililokuwa linatoka hapa Mwanza kuanzia 1974. Ninalo, limeliwa pembeni tu.

#39 Mwalimu Pasiansi
Hilo gazeti usiliuze kwa mtu wa karanga. Nitakuja mwenyewe. Tulikuwa tunawasomea waliohitimu kisomo ili wasisahau kusoma, na lilikuwa na picha pia, michoro ya pembejeo na ya vikaragosi.

#40 Kijana wa Mabatini
Ukisema vikaragosi mimi nakumbuka gazeti la Sani. Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Madenge. Kwetu lilikuwa linafichwa chini ya godoro, baba akisema halina maadili, ila kila likipotea tunalikuta chooni na miwani ya baba juu yake.

#41 Dagaa Kauzu
Madenge ndiye aliyenifundisha kusoma. Vitabu vya shule vilikuwa na watoto wenye adabu mno, wote wanafagia uwanja. Nikiwa mtoto nilijiuliza hao watoto wanacheza saa ngapi.

#42 Mama Kulwa
Na Abunuwasi je? Ile ya sufuria iliyozaa na baadaye ikafa. Kitabu chetu kilikuwa na picha ya jirani anaomboleza sufuria, kilemba kimemwangukia puani. Nilikuwa nacheka mpaka nachapwa.

#43 Jirani wa Kisumu
Abunuwasi hana mpaka, huyo ni wetu sote. Ila nina swali kwa mwalimu: je, vitabu vya kisomo viliwahi kuwa na mtumbwi wa tanga? Huku kwetu tanga ni jambo la kawaida mpaka leo, huko kwenu sijui.

#44 Mzee wa Mwaloni
Tanga Ukerewe lipo mpaka leo, na Ukara. Usitupime kwa tanga.

#45 Binti Nansio
Jamani, nimempigia binamu yangu aliyelelewa pale pale kwa bibi. Amesema atajiunga humu mwenyewe kwa sababu mimi namuharibia jina.

#46 Binamu wa Bukindo
Salaam. Mimi ndiye binamu. Kwanza kitabu sikukichukua mimi, alikichukua mjomba akaenda nacho Geita wakati wa dhahabu. Pili, samaki hakuwa na sharubu. Hizo ni kalamu. Binti Nansio alichora sharubu kwa kalamu ya wino ya babu, akachapwa, akasahau. Tatu, mvuvi alikuwa na sharubu pia, nazo ni zake yeye.

#47 Furu Mkavu
😂😂😂 Kesi imegeuka. Mshtakiwa ndiye aliyeleta uzi.

#48 Binti Nansio
Mwongo huyu! Yeye ndiye alikuwa na kalamu, mimi nilikuwa sijui hata kuishika. Na sharubu zilikuwa za chapa, zilikuwa na rangi ya chungwa.

#49 Fundi Chapa
Kama zilikuwa na chungwa basi zimetoka kiwandani. Kalamu ya babu haiwezi kuwa chungwa.

#50 Binamu wa Bukindo
Hazikuwa na chungwa. Muulizeni mjomba.

#51 Mzee wa Mwaloni
Kama hakuwa na sharubu basi anaweza kuwa sangara na hoja yangu yote inageuka, kitabu ni cha themanini na kitu. Binamu, mkia wake ulikuwa wa mviringo au umegawanyika? Sangara mkia wake ni wa mviringo.

#52 Dagaa Kauzu
Kambare naye mkia wake ni wa mviringo mzee wangu 😂

#53 Mzee wa Mwaloni
Nimeuliza binamu, sijakuuliza wewe.

#54 Mgeni wa Bugando
Nimesoma uzi wote nikiwa kwenye foleni. Kwani Mzee Kitereza wa Ukerewe hakuandika vitabu? Si inawezekana ni chake?

#55 Mwalimu Pasiansi
Aniceti Kitereza aliandika Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, alikimaliza kwa Kikerewe 1945 na Kiswahili chake kikaja kutoka Tanzania Publishing House 1980. Uvuvi na mila za kisiwa utavikuta humo kwa wingi, lakini ni kitabu kinene cha watu wazima, silabi hazikatwi. Yeye mwenyewe alifariki 1981. Ukikipata kisome, ila mvuvi wa Binti Nansio hayumo.

#56 Mgeni wa Bugando
Asante mwalimu.

#57 Chinga Makoroboi
Kinene hicho ninacho nakala moja. Bei tutaongea.

#58 Mama Kulwa
Mimi nina swali la kando kwa Fundi Chapa. Mwanangu wa darasa la pili anachora vizuri, na mimi hadithi ya bibi wa sikio naijua yote. Tukitaka kuchapa kitabu cha kurasa kumi na sita, nakala chache tu za wajukuu na majirani, inawezekana Mwanza au mpaka Dar?

#59 Fundi Chapa
Inawezekana hapa hapa. Siku hizi nakala chache zinapigwa kwa mashine ya kidijitali, hakuna pleti, rangi zote unapata kwa bei moja. Michoro iskaniwe vizuri, usiipige picha kwa simu ukiwa na kivuli cha mkono. Na uache nafasi pembeni, kisu cha kukatia hakina huruma.

#60 Ng'wana Kisesa
Mama Kulwa, ukichapa hakikisha mama kajificha kwenye makapi.

#61 Mama Kulwa
Pangoni. Mwanangu ameshachora pango.